Swichi isipomjua mpokeaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa mafundi wanaoanza, kwa wasimamizi wa mitandao ya ofisi ndogo, na mara nyingine kwa watu wenye uzoefu wa miaka ambao hawakuwahi kulazimika kulifikiria jambo hili. Yana namba ili jibu moja likikupeleka kwenye jingine usipotee. Amri zilizotajwa ni za Cisco, MikroTik na Linux, maana ndizo nilizozizoea.

## Misingi

1. Swichi ikipokea fremu (kifurushi kimoja cha data) ya mpokeaji isiyemjua, inafanya nini?

Inaimwaga. Nakala ya fremu hutoka kwenye kila poti ya VLAN ile ile (VLAN ni kundi la poti zinazotendewa kama mtandao mmoja), isipokuwa poti iliyoingilia. Ukiwa na swichi ya poti 24, zote ziko hewani na zote ni VLAN moja, fremu moja inatoka nakala 23. Mwenye anwani anaipokea. Wale wengine 22, kadi zao za mtandao zinasoma anwani ya mpokeaji iliyo mwanzoni mwa fremu, zinaona si yao, zinaitupa hata kabla ya mfumo wa kompyuta kujua kuwa kuna kitu kimepita.

Ni kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ya kupanga, hajui chumba cha mwenyeji wake, akasimama uani akaita jina. Wapangaji wote wanasikia, mmoja anaitika. Safari ijayo mgeni haiti tena, anakwenda moja kwa moja kwenye mlango aliosikia sauti ikitoka.

2. Kwa nini isiitupe tu, kama ruta inavyofanya?

Ruta ikikosa njia ya kupeleka pakiti huitupa, na kwa kawaida humrudishia mtumaji taarifa ya ICMP kwamba huko hakufikiki. Swichi haina namna ya kumwambia mtumaji lolote. Ethaneti haina ujumbe wa "sikumpata", na kompyuta zenyewe hazijui kuwa katikati yao kuna swichi. Kama ingetupa kila isichokijua, basi kila umeme unapokatika na kurudi swichi ingeamka na jedwali lake la nani yuko poti gani likiwa tupu, na kukataa kupitisha fremu za mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea, bila yeyote kujua sababu.

Ubuni huo ni wa zamani. Ulianzia kwenye madaraja ya mtandao ya kampuni ya DEC miaka ya 1980, ukaingizwa kwenye kiwango cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Mwaka huo huo kampuni ya Kalpana ilitoa EtherSwitch yenye poti 7, ambayo kwa kazi yake ni daraja lile lile lililoongezewa milango. Swichi ya bei ndogo unayonunua leo dukani bado inafuata kanuni hiyo.

3. Basi swichi inawajuaje watu?

Kila fremu imebeba anwani mbili za MAC (namba za utambulisho za kadi za mtandao), ya anayetumiwa na ya anayetuma. Swichi husoma ya mtumaji ili ijifunze: "aha, huyu yuko poti ya 7." Kisha husoma ya mpokeaji ili ijue pa kuipeleka. Haiulizi mtu yeyote, haisubiri kutambulishwa.

Hapa ndipo pa kushika, kwa sababu karibu kila tatizo lililo chini ya ukurasa huu linatoka hapa: swichi humjua anayesema. Aliye kimya haimjui, hata kama anatumiwa data usiku na mchana.

4. Hili lina tofauti gani na tangazo kwa wote?

Tangazo kwa wote lina anwani ya FF:FF:FF:FF:FF:FF, na mtumaji alikusudia wote wasikie. Mafuriko tunayozungumzia hapa ni ya fremu iliyoandikiwa mtu mmoja, ila swichi imelazimika kuitendea kama tangazo. Kuna aina ya tatu, fremu ya kundi, ambayo utaitambua kwa tarakimu ya pili ya anwani: ikiwa ni 1, 3, 5, 7, 9, B, D au F, hiyo ni ya kundi (au ni tangazo lenyewe). Anwani za aina hizo haziruhusiwi kuwa za mtumaji, kwa hiyo swichi haiwezi kujifunza ziko poti gani. Kwenye nyaraka utakuta aina zote tatu zimewekwa kapu moja kwa jina la BUM (broadcast, unknown unicast, multicast).

5. Mbona kwenye mtandao wangu sijawahi kuyaona mafuriko haya?

Kwa sababu ya ARP. Kompyuta haianzi kwa kutuma data, inaanza kwa kuuliza: "Nani ana 192.168.1.20?" Swali hilo ni tangazo kwa wote, na likipita tu, swichi zote zimemjua muulizaji. Anayejibu naye anatuma fremu, naye amejulikana. Data ya kwanza inapoondoka, jedwali tayari lina majina yote mawili. Mtandao wenye afya humwaga fremu chache mno, tena kwa kufumba na kufumbua.

## Jedwali na saa yake

6. Swichi ikishamjua mtu, inamkumbuka kwa muda gani?

Sekunde 300 kwenye swichi nyingi, yaani dakika 5. Kila mtu huyo anapotuma fremu saa inaanza upya, kwa hiyo anayesema mara kwa mara hasahauliki. Ukichomoa kebo yake, swichi nyingi hufuta jina lake papo hapo bila kungoja. Dakika 5 zina maana hasa kwa vifaa vilivyo nyuma ya swichi nyingine au nyuma ya simu ya mezani ya IP, ambako poti inabaki hewani hata mtu akiondoka.

Kulitazama jedwali: `show mac address-table` kwenye Cisco, `/interface bridge host print` kwenye MikroTik, `bridge fdb show` kwenye Linux.

7. Nikihamisha laptopu kutoka chumba kimoja hadi kingine, nitasubiri hizo dakika 5?

Hapana. Ikituma fremu moja tu kutoka poti mpya, swichi inabadilisha. Na laptopu iliyotoka kuchomekwa haikai kimya, inaomba anwani ya IP papo hapo.

8. Jedwali likijaa inakuwaje?

Waliomo wanabaki, wapya hawaandikwi, na fremu za wapya zinamwagwa kila mahali mpaka nafasi ipatikane. Swichi ndogo za ofisini hubeba anwani elfu chache, kama 4,000 au 8,000, ambazo ofisi ya watu 60 haiwezi kuzimaliza kwa matumizi halali. Ukilikuta limejaa, usikimbilie kununua swichi kubwa. Soma swali la 13 kwanza.

Kuna kituko kimoja kidogo: swichi inaweza kushindwa kumwandika mtu ingawa jedwali halijajaa. Anwani hupangwa kwenye vikapu kwa hesabu maalumu, na kikapu kimoja kikijaa, anwani inayoangukia humo inakosa pa kukaa huku vikapu jirani viko wazi. Ni nadra.

9. Mafuriko yanakuja asubuhi watu wanapowasha kompyuta, kisha yanatulia. Kwa nini?

Angalia STP, itifaki ya swichi ya kuzuia vitanzi (RSTP ni toleo lake la haraka). Poti inapopanda au kushuka, itifaki hiyo inaweza kuhesabu kwamba ramani ya mtandao imebadilika na kuziamuru swichi zote zisahau haraka. Kwenye STP ya zamani kumbukumbu inakatwa kutoka sekunde 300 hadi 15, na kwenye RSTP anwani zinafutwa mara moja. Kompyuta 80 zikiwashwa kati ya saa mbili na saa mbili na nusu asubuhi, swichi zinasahau na kujifunza upya bila kupumzika.

Dawa ni kuziwekea poti za watumiaji `spanning-tree portfast`, ili kuwaka kwa kompyuta ya karani kusihesabiwe kuwa tukio la mtandao mzima. Poti inayokwenda kwenye swichi nyingine usiiwekee.

## Mafuriko yasiyoisha

10. Taa za swichi zote zinapepesa kwa mdundo mmoja, na mtandao ni mzito. Nianzie wapi?

Kwanza hakikisha si kitanzi. Fremu ya Ethaneti haina hesabu ya uhai (TTL, inayoiua ikizunguka mno) kama pakiti ya IP, hivyo mtu akichomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi ile ile bila STP, tangazo moja linazunguka milele na mtandao unakufa ndani ya sekunde chache. Mafuriko ya asiyejulikana hayaui, yanachosha. Ukiona mtandao unatembea ila kwa kuchechemea, endelea kusoma.

Chomeka laptopu kwenye poti ya kawaida, fungua Wireshark, programu ya kutazama fremu zinazofika, ondoa matangazo na fremu za makundi, na uondoe pia fremu zako mwenyewe. Zinazobaki hazikupaswa kukufikia. Mbili tatu ni kawaida. Zikiwa mamia kwa sekunde, na zote zina anwani ile ile ya mpokeaji, umeshampata mkimya wako. Mtafute kwenye jedwali la swichi na hutamkuta.

Sasa kwa nini hayumo? Mara nyingi ni saa mbili zisizopatana. Ruta za Cisco hukumbuka jibu la ARP kwa saa 4, wakati swichi inakumbuka anwani ya MAC kwa dakika 5. Ruta ina uhakika na anwani, inaendelea kutuma bila kuuliza. Swichi imeshasahau poti.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Jengo kuu na ghala lililo ng'ambo ya barabara vilikuwa vimeunganishwa kwa redio mbili zilizofungwa juu ya paa, VLAN moja pande zote. Jengo kuu hawakuwa na malalamiko. Ghalani, kufungua barua pepe ilikuwa kazi ya kusubiri na kikombe cha chai. Karani wa ghala akaniambia, "Fundi, huu mtandao huwa unapona wenyewe kidogo, halafu unaugua tena." Nikadhani ni maneno tu.

Wireshark ghalani ilionyesha pakiti za UDP (aina isiyodai jibu), karibu megabiti 9 kwa sekunde, zote zikielekea kwenye seva ya kumbukumbu (logi) iliyokuwa jengo kuu. Seva hiyo ilikuwa na kadi mbili za mtandao: kumbukumbu ziliingilia kadi ya kwanza, na chochote seva ilichotaka kusema kilitokea ya pili. Kadi ya kwanza haikuwahi kufungua mdomo, isipokuwa ruta ilipoiuliza ARP. Hapo ndipo maneno ya karani yaliponirudia. Kila baada ya saa 4 kadi ilijibu, swichi ikaijua kwa dakika 5, ghala likapona. Kisha swichi ikasahau, na megabiti 9 zikarudi juu ya paa. Kwenye nyaya za gigabiti 1 za jengo kuu hakuna aliyezihisi, ila redio ile mvua ikinyesha ilikuwa inabeba 20 kwa shida.

Nilichofanya siku hiyo ni kuiandikia kadi poti yake kwa mkono kwenye swichi zote mbili, kwa `mac address-table static`. Ruta nayo niliipa `arp timeout 270`, ili iulize kabla swichi haijasahau. Jambo la kwanza lingetosha peke yake. La pili niliweka kwa sababu siku moja mtu atafuta maandishi yale ya mkono bila kuniambia.

11. Tuna ruta mbili kwa ajili ya dharura, na fremu za kurudi zinamwagwa. Ni tatizo lile lile?

Ni ndugu yake. Kompyuta zinatuma kupitia ruta A, majibu yanarudi kupitia ruta B. Swichi iliyo upande wa B haisikii kompyuta ikisema, kwa kuwa maneno yake yote yanapita upande wa A. Dakika 5 zikiisha imesahau, na ruta B bado ina ARP ya saa 4. Hakuna kifaa kilichoharibika na hakuna aliyekosea amri. Ndiyo maana mtu anaweza kulitafuta tatizo hili wiki nzima.

Patanisha saa. Kwenye mtandao wa kawaida napenda kupunguza ya ARP, kwa sababu swali la ARP lenyewe linamlazimisha mkimya aseme. Ukiwa na maelfu ya vifaa, kuuliza wote kila dakika nne na nusu kunaichosha ruta. Hapo ongeza kumbukumbu ya swichi: `mac address-table aging-time 14400`.

12. Seva zetu za Windows zinagawana mzigo, na swichi inamwaga kila kinachokwenda kwao. Tumekosea wapi?

Hamjakosea, imekusudiwa. NLB ya Microsoft (programu ya Windows ya kugawana mzigo) ikiwekwa kwa namna ya mpokeaji mmoja (unicast), seva zote hutumia anwani moja inayoanza na 02-BF, na kila seva inapotuma huficha anwani hiyo makusudi ili swichi isijifunze. Mafuriko ndiyo yanayofikisha kila fremu kwa seva zote. Zipeni seva hizo VLAN yao peke yao na wengine watapumua.

## Usalama

13. Mtu anaweza kuyasababisha mafuriko kwa makusudi?

Anaweza, na ni hila ya siku nyingi. Programu ya `macof`, iliyomo kwenye kifurushi cha dsniff cha Dug Song, hutuma fremu zenye anwani za watumaji za kubuni mpaka jedwali lijae. Fremu za watu ambao swichi haikuwahi kuwaandika, au iliowasahau, zinaanza kumwagwa, na mshambuliaji aliyekaa poti yoyote anazisoma.

Kinga yake ni rahisi kiasi kwamba kutoiweka ni uzembe: `switchport port-security maximum 3` kwenye poti za watumiaji. Nasema 3 kwa sababu ya simu ya IP yenye kompyuta nyuma yake. Ukiweka 1 utapigiwa simu kabla ya saa sita mchana.

14. Kwa hiyo jirani yangu kwenye swichi anaweza kusoma nenosiri langu?

Tovuti zinazotumia HTTPS zimefungwa, ataona tu unaongea na nani. Hatari imebaki kwenye vitu vya zamani: Telnet, FTP, kamera za bei nafuu, ukurasa wa kuingilia modemu usio na HTTPS.

## Kuzuia

15. Naweza kuyazima mafuriko kabisa?

Unaweza, poti kwa poti. Cisco wana `switchport block unicast`, MikroTik wana `unknown-unicast-flood=no` kwenye poti ya daraja, na Linux ni `bridge link set dev eth1 flood off`. Ila fikiria kilichopo nyuma ya poti hiyo. Printa iliyolala inaweza kukaa zaidi ya dakika 5 bila kusema neno. Ukishaizuia, fremu za asiyejulikana hazitaifikia, na watu watasema printa imekufa wakati ni wewe uliyeifungia mlango.

Mahali ambapo kuzuia kuna maana bila ubishi ni pale kila poti ina mtu mmoja anayejulikana. Kituo cha kubadilishana trafiki kama KIXP cha Nairobi kimsingi ni mtandao wa swichi ambako ruta za watoa huduma zimechomekwa, na desturi ya vituo vya aina hii ni kuruhusu anwani moja ya MAC kwa kila poti.

16. Na `storm-control`?

Ni amri ya kuweka kikomo cha fremu zinazoingia kwenye poti. Itumie kwa matangazo bila wasiwasi. Kwa fremu za mpokeaji mmoja soma kwanza nyaraka za modeli yako, kwa sababu kwenye baadhi ya swichi za Cisco `storm-control unicast` inahesabu hata fremu za wanaojulikana. Unaweza kunyonga nakala ya akiba ya usiku ukidhani unazuia mafuriko.

## Pembezoni

17. Wi-Fi nayo inamwaga?

Kifaa cha kurusha Wi-Fi kina orodha ya waliojiunga nacho, hivyo hakina haja ya kubahatisha. Fremu ya asiyekuwemo kwa kawaida haiendi hewani. Redio za kuunganisha jengo na jengo ni habari nyingine, hizo ni daraja na zinamwaga kama swichi (tazama swali la 10).

Simu za siku hizi, tangu Android 10 na iOS 14, hubuni anwani ya MAC badala ya kutumia ya kiwandani. Utazitambua kwa tarakimu ya pili kuwa 2, 6, A au E. Zinaongeza majina kwenye jedwali, ila sijaona ofisi iliyojaa kwa sababu yao.

18. Kwenye mashine pepe?

Swichi ya kawaida ya VMware haijifunzi kabisa, kwa sababu yenyewe ndiyo inayojua anwani ya kila mashine iliyomo. Ikitumwa fremu ya asiyekuwemo inaitoa nje kwenye kebo, na ikiletewa kutoka nje fremu isiyo ya watu wake inaitupa. Daraja la Linux, linalotumika na KVM na Proxmox (mifumo mingine ya mashine pepe), linajifunza na kumwaga kama swichi ya chuma.

19. VXLAN imelimaliza tatizo hili?

VXLAN ni njia ya kubeba fremu za Ethaneti ndani ya pakiti za IP. Peke yake haijalimaliza. VXLAN ya awali, iliyoelezwa kwenye RFC 7348 (hati ya viwango vya intaneti) ya mwaka 2014, inamwaga na kujifunza kama kawaida, tofauti ni kwamba sasa nakala zinapita juu ya mtandao wa IP. Kilichobadilisha mambo ni EVPN, RFC 7432 ya mwaka 2015: swichi iliyomsikia mtu inawatangazia wenzake kwa BGP, itifaki ya kupeana habari za njia, nao hawana haja ya kumsikia wenyewe. Yale ya swali la 11 yanakwisha. Lakini wa kwanza kumsikia lazima awepo. Mashine iliyokaa kimya tangu iwashwe, EVPN nayo haina habari zake.